Maswali ya Wasomaji: Ugomvi wa Mashabiki wa Star Wars Juu ya The Last Jedi

Katika toleo lililopita tuligusia, kwa sentensi moja tu, kwamba The Last Jedi, filamu ya nane katika hadithi kuu ya Star Wars, iliyoandikwa na kuongozwa na Rian Johnson na kuanza kuonyeshwa nchini Marekani tarehe 15 Desemba 2017, ndiyo iliyowagawa mashabiki kuliko nyingine yoyote ya mfululizo huo. Sentensi hiyo imetuletea barua za kila namna, nyingine za upole na nyingine za kutufokea, na tumeona ni haki kuzijibu baadhi yake hapa. Asiyeitazama filamu hiyo bado ajue mapema kwamba tutayataja yaliyomo, mwisho wake ukiwemo.

Mhariri, salaam. Nimeona kwamba katika tovuti ya Rotten Tomatoes filamu hii ina takriban asilimia 91 kwa wahakiki na asilimia 42 hivi kwa watazamaji. Inawezekanaje watu waliotazama kitu kimoja wapishane namna hii? Wahakiki walihongwa, kama wanavyosema wengine? — Msomaji, Arusha

Salaam nawe. Tuanze na maana ya tarakimu zenyewe, kwa sababu wengi huzisoma kama alama za mtihani ilhali sivyo zilivyo. Asilimia 91 ya wahakiki maana yake ni kwamba kati ya kila wahakiki 100, 91 walisema filamu inafaa kutazamwa. Aliyeipenda kidogo tu anahesabiwa sawasawa na aliyetoka ukumbini machozi yakimlenga. Kwa hiyo tarakimu hiyo haisemi kwamba wahakiki waliiona kuwa kazi bora kupita zote, bali inasema kwamba wachache sana miongoni mwao waliiona mbaya.

Upande wa watazamaji una kasoro ya namna nyingine. Mwaka 2017 mtu yeyote aliyefungua akaunti aliweza kutoa alama bila kuonyesha kwamba alinunua tiketi, na hata bila kuitazama filamu. Kulikuwa na waliojigamba kwamba walitumia programu za kujiendesha kuishusha alama hiyo, ingawa wenye tovuti walisema hawakuona dalili ya jambo hilo. Hata tukiwaamini wenye tovuti, neno linabaki: anayejisumbua kwenda kupiga kura ya namna hii mara nyingi ni yule aliyechukia sana au aliyependa sana, na yule aliyeburudika kiasi, akapanda basi akarudi kwake, hahesabiwi popote.

Kipo kipimo kingine ambacho watu hukisahau. Kampuni ya CinemaScore huwagawia watazamaji kadi milangoni mwa kumbi za Marekani usiku wa kwanza wa maonyesho, nao hutoa daraja kuanzia A+ hadi F. The Last Jedi ilipata A, daraja lile lile lililopewa The Force Awakens ya mwaka 2015, filamu ya saba iliyoitangulia. Ni kweli kwamba kipimo hiki nacho kina upendeleo wake, kwa kuwa anayepanga foleni usiku wa kwanza amekwisha kuipenda filamu kabla ya kuingia; ni sawa na kumuuliza kuhusu timu mtu aliyekuja uwanjani na jezi. Hata hivyo, watu hao ndio hasa wanaoitwa mashabiki, na wakitoka mlangoni hawakuonekana kukasirika.

Wapinzani wa filamu hupenda pia kutaja fedha. Wanasema, na ni kweli, kwamba ilikusanya dola milioni 220 Marekani na Kanada katika wikiendi ya kwanza, kisha ikashuka kwa zaidi ya asilimia 67 katika wikiendi ya pili, ilhali The Force Awakens ilishuka kwa asilimia 40 hivi tu. Lakini ichukueni kalenda muitazame. Mwaka 2017 wikiendi ya pili iliangukia tarehe 22 hadi 24 Desemba, yaani Jumapili yake ilikuwa mkesha wa Krismasi, siku ambayo kumbi nyingi hufunga mapema na watu huwa nyumbani. Mwaka 2015 wikiendi ya pili ilianza siku yenyewe ya Krismasi, ambayo kwa Wamarekani ni miongoni mwa siku kubwa za kwenda sinema. Sehemu ya anguko hilo, kwa hiyo, ni ya kalenda, na sehemu nyingine ni ya watu kutorudi kuitazama mara ya pili na ya tatu, jambo ambalo kwa filamu za mfululizo huu ndilo linalojaza hazina. Mwishowe iliingiza takriban dola bilioni 1.33 duniani, pungufu sana ya bilioni 2.07 za iliyotangulia, ila hakuna mfanyabiashara atakayeziita hasara.

Kuhusu hongo, hatujaona ushahidi wowote. Mhakiki hutazama filamu nyingi kwa mwaka na huchoka na yale yanayotabirika, kwa hiyo filamu inayovunja matarajio humfurahisha. Shabiki amekaa miaka miwili na matarajio yake moyoni, na kuvunjiwa ni kuvunjiwa.

Shikamoo Mhariri. Mimi ni mmoja wa walioichukia, na sipendi kuitwa mjinga kwa ajili hiyo. Luke Skywalker niliyemjua alikataa kumuua baba yake, Darth Vader, muuaji wa maelfu, kwa sababu aliona bado ana wema ndani yake. Huyu wa Johnson anamwinulia upanga mpwa wake aliyelala, halafu anakimbia kisiwani kujificha. Huyo si Luke. Nimekosea wapi? — Kijana wa Kisumu

Marahaba, mwanangu. Hujakosea, na huko peke yako. Mark Hamill, aliyemwigiza Luke tangu 1977, alisema hadharani kabla ya filamu kutoka kwamba alimweleza Johnson kuwa hakukubaliana karibu na kila uamuzi aliouchukua kuhusu mhusika huyo, ingawa baadaye alisema anajuta kuyatoa nje mazungumzo yaliyopaswa kubaki baina yao. Ikiwa mwenye uso wenyewe alikwazika, shabiki wa Kisumu naye ana haki ya kukwazika.

Tukio lililowauma wengi ni fupi mno. The Force Awakens ilimalizika msichana Rey akiwa amesimama juu ya mwamba, sehemu zilizopigwa picha katika kisiwa cha Skellig Michael huko Ireland, akimnyooshea Luke upanga wa mwanga uliokuwa wa baba yake. Mashabiki walikaa miaka miwili wakijiuliza atasema nini. Katika The Last Jedi anaupokea, anautazama, kisha anautupa nyuma ya bega lake kama mtu anayetupa ganda la ndizi, na kuondoka. Kumbini wengine walicheka, na wengine walihisi kwamba kinachotupwa ni miaka yao miwili ya kusubiri.

Sasa tuijadili hoja yako yenyewe. Umelikumbuka tukio la mwaka 1983 katika Return of the Jedi, lakini umelikumbuka kuanzia mwisho. Kabla Luke hajautupa upanga na kukataa kuua, Vader alimtishia dada yake Leia, na Luke akatoka mafichoni kwa hasira, akampiga baba yake hadi akamkata mkono, akasimama juu yake tayari kummaliza. Alijizuia dakika ya mwisho. Ndivyo ilivyo pia usiku ule karibu na kitanda cha mpwa wake, Ben Solo: Luke anaona katika maono maangamizi ambayo mpwa wake atawaletea wote anaowapenda, upanga unawaka mkononi, na papo hapo anaona aibu. Tofauti ni kwamba safari hii aliyelala aliamka. Filamu inatupa usiku huo mara tatu: kwanza kwa maneno ya Luke anayeficha, kisha kwa maneno ya mpwa anayemwona mjomba wake kama muuaji, na hatimaye kwa maneno ya Luke anayekiri. Mtazamaji aliyetoka nje kununua bisi katika mojawapo ya nyakati hizo alirudi na hadithi nyingine kabisa.

Mahali ninapokubaliana nawe ni hapa: tunaonyeshwa Luke aliyevunjika, lakini safari ya kuvunjika kwake tunasimuliwa tu, tena kwa dakika chache, wakati muda mwingi umetumiwa huko Canto Bight, mji wa kamari ambako wahusika wengine wawili, Finn na Rose, wanahangaika kwa jambo lisilozaa matunda. Mhusika aliyependwa kwa miaka 40 alistahili kuonyeshwa akianguka, si kupatikana akiwa ameshaanguka. Zaidi ya hapo, wasomaji wa riwaya za zamani za Star Wars walikuwa na Luke mwingine aliyeoa na kujenga upya chama cha Jedi, wapiganaji wa panga za mwanga, na riwaya hizo zote zilitolewa kwenye hadithi rasmi na Lucasfilm mwezi Aprili 2014, chini ya miaka miwili baada ya Disney kuinunua kampuni hiyo kwa dola bilioni 4. Wengi waliofoka mwaka 2017 walikuwa na kinyongo cha tangu siku hiyo.

Ndugu Mhariri, naomba usizungukezunguke. Chuki dhidi ya filamu hii haikuwa ubaguzi tu dhidi ya wanawake na watu wasio weupe? — Msomaji wa kike, Dar es Salaam

Dada, sizunguki: sehemu yake ilikuwa hivyo hasa, na sehemu yake haikuwa hivyo, na ubaya ni kwamba pande zote mbili zilifaidika kuchanganya. Kelly Marie Tran, aliyezaliwa Marekani na wazazi wakimbizi kutoka Vietnam, aliigiza kama Rose Tico, fundi wa kawaida anayejikuta vitani. Alitukanwa sura, umbo na asili yake hadi mwezi Juni 2018 akafuta picha zake zote Instagram, na Agosti mwaka huo akaandika katika gazeti la New York Times jinsi alivyoanza kuyaamini maneno ya waliomtukana. Mtu anaweza kusema Rose ameandikwa vibaya, na mimi nasema sehemu zake za Canto Bight ni dhaifu, lakini aliyeandika mswada ni Johnson, na matusi hayakwenda kwake kwa namna ile.

Mtafiti Morten Bay alichambua jumbe zaidi ya 900 za Twitter alizotumiwa Johnson. Aligundua kwamba zilizoipinga filamu zilikuwa kama moja katika kila tano, na kwamba karibu nusu ya hizo chache zilitoka kwa akaunti za kujiendesha, wachokozi, au watu waliokuwa na ajenda ya kisiasa zaidi ya ya sinema. Utafiti huo wenyewe ulipingwa na mashabiki waliodhani wanaitwa mashine, jambo ambalo hakulisema. Alichosema ni kwamba kelele zilikuwa kubwa kuliko idadi ya waliokuwa wakizipiga.

Wala hayakuanza 2017. Ahmed Best, Mmarekani mweusi aliyeigiza Jar Jar Binks mwaka 1999 katika The Phantom Menace, alishambuliwa vibaya kiasi kwamba mwaka 2018 alieleza hadharani kuwa alikaribia kujiua. Wakati ule mitandao ya kijamii ya leo haikuwapo, na bado yalimfikia.

Mhariri, niliazima nakala ya filamu hii kwa jirani. Karibu na mwisho sauti ilikatika kabisa, picha ikaendelea. Nakala ilikuwa mbovu? — Mzee wa Tanga

Shikamoo mzee wetu. Nakala ya jirani ilikuwa nzima. Admirali Holdo, wa upande wa mashujaa, anabaki peke yake katika meli kubwa, anaigeuza na kuipasua meli ya adui kwa mwendo unaopita ule wa mwanga, na kwa sekunde kama 10 mwongozaji amezima sauti yote kwa makusudi. Hata Marekani watu walilalamika, hadi ikabidi ukumbi wa AMC ubandike tangazo la kuwaeleza wateja kwamba kunyamaza huko ndivyo filamu ilivyotengenezwa. Ni tukio lililosifiwa hata na wengi walioichukia filamu, na papo hapo likazaa swali ambalo mashabiki hawajaacha kuliuliza: ikiwa meli moja inaweza kufanya hivyo, kwa nini hakuna aliyefanya hivyo dhidi ya Death Star, ngome kubwa ya adui angani, tangu 1977? Filamu ya 2019 ilijaribu kujibu kwa mstari mmoja, kwamba jambo hilo hufanikiwa mara moja katika milioni, na hakuna aliyeridhika.

Salaam kutoka Muscat. Sisi wa Afrika Mashariki tumo humo, au ni watazamaji tu? — Msomaji

Tumo. Maz Kanata, kikongwe wa miwani mikubwa, ni Lupita Nyong'o, Mkenya aliyekulia Nairobi, ingawa katika The Last Jedi anaonekana kwa muda mfupi mno, jambo lililolalamikiwa na wengi. Na kabla yake, katika Return of the Jedi, rubani mwenza wa mhusika Lando, aitwaye Nien Nunb, alipewa sauti na Kipsang Rotich, mwanafunzi Mkenya aliyekuwa Marekani, aliyesema maneno yake kwa Kikuyu cha kweli. Watengenezaji walidhani dunia itasikia lugha ya sayari ya mbali. Watazamaji wa Kenya walimwelewa na kufurahi. Rotich alirudi kumpa sauti Nien Nunb mwaka 2015.

Mhariri, ninaishi Leicester na nilikuwa ukumbini kwa filamu zote tatu. Je, ni kweli kwamba filamu ya tisa, The Rise of Skywalker, ilitengenezwa ili kuwaomba radhi walioikataa ya nane? Na kama ni hivyo, mbona haikusaidia? — Msomaji, Uingereza

Tuwe waangalifu na tarehe. Mwongozaji wa kwanza wa filamu ya tisa, Colin Trevorrow, aliondoka Septemba 2017, miezi mitatu kabla shabiki yeyote hajaiona The Last Jedi, na J.J. Abrams, aliyeiongoza The Force Awakens, akarudishwa mwezi huo huo. Kwa hiyo kubadilishwa kwa mwongozaji hakukuwa jibu kwa kelele. Yaliyomo ndani ya filamu ni jambo jingine. Johnson alisema kupitia Kylo Ren, jina jipya la Ben Solo, kwamba wazazi wa Rey hawakuwa watu wa maana, wauza vyuma chakavu waliomuuza mtoto kwa fedha ya kunywea. Abrams akamfanya mjukuu wa Mfalme Palpatine, ambaye tulidhani alikufa mwaka 1983. Johnson alimwonyesha Luke akiutupa upanga. Abrams akamleta mzimu wa Luke unaoudaka upanga hewani na kusema kwamba silaha hiyo inastahili heshima zaidi. Rose, aliyekuwa na nafasi kubwa katika filamu ya nane, alibakiwa na dakika moja na kitu. Mwandishi mwenza, Chris Terrio, alieleza kwamba sehemu za Rose zilipunguzwa kwa sababu zilitegemea picha za zamani za Carrie Fisher, mwigizaji wa Leia, aliyefariki Desemba 2016, na nyingine hazikufaulu. Huenda ni kweli. Kwa waliomwona Tran akifuta picha zake mwaka mmoja nyuma, ilionekana kama waliotukana wameshinda.

Matokeo yake unayajua. Wahakiki waligawanyika nusu kwa nusu, CinemaScore ikashuka hadi B+, na mapato yakawa dola bilioni 1.07. Lakini tazama kioja: watazamaji katika Rotten Tomatoes waliipa filamu hii takriban asilimia 86, zaidi ya mara mbili ya ile ya nane, na wapo wanaoitumia tarakimu hiyo kudai kwamba mashabiki walirudishiwa kilicho chao. Wanasahau kwamba mwezi Mei 2019 tovuti hiyo ilibadili utaratibu, ikaanza kuhesabu kwanza kura za waliothibitika kununua tiketi. Asilimia 42 na asilimia 86 zimepimwa kwa vipimo viwili tofauti, na kuziweka pamoja ni kujidanganya.

Mbona haikusaidia, unauliza. Kwa maoni yangu, kwa sababu watengenezaji walimsikiliza mtu asiyekuwepo, yaani shabiki mmoja mwenye neno moja. Walioipenda ya nane waliona kazi yao inafutwa. Walioichukia kwa hoja kama za kijana wetu wa Kisumu hawakuwa wameomba Palpatine afufuke, waliomba Luke aeleweke. Na walioichukia kwa sababu ya rangi na jinsia ya waigizaji hawaridhiki na chochote. Baada ya Desemba 2019 mfululizo huu ulikaa zaidi ya miaka 5 bila filamu mpya katika kumbi, ukihamia kwenye tamthilia za televisheni.

Habari za kazi, Mhariri. Hivi hasira hizi huisha? — Mwanafunzi, Kampala

Nzuri, mwanafunzi. Huisha, lakini huchukua muda mrefu kuliko wengi wanavyodhani. The Empire Strikes Back ya 1980, ambayo leo karibu kila shabiki huitaja kuwa bora kuliko zote, ilipotoka haikupokewa hivyo. Vincent Canby wa New York Times hakuipenda, na mashabiki waliandika barua magazetini wakilalamika kwamba haina mwisho na kwamba Vader hawezi kuwa baba wa Luke. Wengi waliamini anadanganya, na James Earl Jones, aliyekuwa sauti ya Vader, alisema kwamba alipousoma mstari ule naye alidhani ni uongo. Walisubiri hadi 1983 kupata uhakika.

The Phantom Menace nayo, iliyochekwa tangu 1999, ilirudishwa katika kumbi Mei 2024 kwa kutimiza miaka 25, na waliokwenda wengi walikuwa ni wale walioiona wakiwa watoto, ambao hawakuwahi kuwa na ugomvi nayo. Best mwenyewe alikwisha kurudi katika The Mandalorian mwaka 2023 kama Jedi, na safari hii alishangiliwa. Ukitaka kuanza na The Last Jedi bila kuingia vitani, itazame mara baada ya Return of the Jedi na The Force Awakens, kwa mpangilio huo, usome maoni ya watu baadaye, kisha utuandikie uliyoyaona mwenyewe katika usiku ule wa mjomba na mpwa.